Viganja vya Manjano

Kwa wakazi wote wa nyumba hii tukufu: inatangazwa rasmi kwamba Bibi hafi. Maharage yako jikoni, yapasheni.

Mama, ukirudi zamu usishtuke kuona cherehani ya Bibi kitandani kwako. Asubuhi aliamka akakuta viganja na nyayo zake ni za manjano. Akaniambia, "Ini limekwisha, mjukuu wangu. Cherehani mpe mama yako." Roho ilinitoka, nikakimbia kumwita muuguzi jirani. Akamtazama macho, meupe pe.

"Huyu haumwi," akasema. "Anakula karoti nyingi?"

Kumbe rangi ya karoti ikizidi mwilini hujikusanya kwenye ngozi. Ini likiugua, macho nayo hugeuka manjano. Bibi akipunguza karoti, rangi itaisha yenyewe polepole. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia muuguzi wa watu.

Karoti zilizobaki msimpe, hata akibembeleza. Ni nzuri kwa macho, lakini hazichukui nafasi ya miwani. Sasa tunakwenda kwa fundi miwani, maana ile ya zamani ~~imepotea~~ alimgawia rafiki yake.

Bibi ameniamuru nimsomee nilichoandika. Nimesoma. Anasema, "Mbona aliyenidanganya simsikii humo?"

Ni mimi, Mama. Nilimwambia akila karoti kila siku hatahitaji miwani tena, kwa kuwa bila miwani haoni ninavyomwibia kwenye karata. Sikujua angefika hadi kugawa cherehani. Nisameheni.

Hili la karata bado sijamsomea.

Kitinda mimba wako