Kwa Baba, Aliyesikiliza Huku Amefumba Macho

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipotoka hapa nyumbani asubuhi na mwavuli kwapani, ukasema, "Leo nitarudi mapema," nasi tukakucheka, kwa kuwa hukuwahi kurudi mapema tangu tukujue. Mwaka mzima, na bado mtu akigonga mlango jioni Mama huinua kichwa. Tunajua umelala. Lakini kujua na kuamini havikai nyumba moja.

Wengi watakaosoma haya wanakujua kwa jina la utani, Mzee Usingizi, afisa wa ustawi wa jamii, yule wa chumba cha mwisho ukimaliza ngazi, mwenye kiti cha mikono. Wasiokujua tuwaambie kwamba hukuwa mlalaji. Mtu akikaa mbele yako na shida yake, ulifumba macho ukasikiliza. Ulitueleza sababu. Ulipoanza kazi, bado kijana, uliwekwa chini ya mkubwa mmoja aliyehoji watu kipolisi, anawakodolea macho. Siku moja bibi kizee aliyefukuzwa na wanawe alishindwa kutaja hata jina lake mbele ya yale macho, akajiondokea bila msaada. Tangu hapo ukasema, "Mtu anayesimulia aibu yake, jicho la mwenzake linamchoma. Afadhali nimpe masikio."

Hata hapa nyumbani ulijaribu mtindo huo, ukagonga mwamba. Mama akianza malalamiko yake nawe ukafumba macho, alikuambia, "Mimi si mteja wako. Fungua macho tugombane vizuri." Ulikuwa unafungua moja.

Ulipenda kutuhadithia ofisi yenu ilikotoka. Zamani, ulisema, ustawi wa jamii alikuwa shangazi. Mtoto akifiwa, shangazi anamchukua. Mzee akiishiwa nguvu, yupo mjukuu wa kumchotea maji. Kisha watu wakafuata kazi za mshahara mjini, shangazi akabaki mbali, na watoto wakaanza kuonekana masokoni hawana wa kumwita. Watu wa dini wakafungua nyumba za kuwalea. Baadaye serikali ikatoa chumba kimoja, meza moja na karani mmoja, kazi yake kugawa mablanketi kwa waliorudi vitani vilema, na kuwaondoa ombaomba barabarani. "Mkono huu blanketi, mkono huu fimbo," ulikuwa unasema, unatuonyesha mikono yote miwili. Sheria zikaja, makao ya watoto yakajengwa, maafisa wakasomeshwa. Ukamaliza hivi: "Lakini sote pale tunakaimu tu nafasi ya shangazi. Mwenyewe bado hajarudi likizo."

Na ulikuwa na desturi yako kazini, watu wa jengo zima waliijua. Kama jibu ni hapana, ulisema hapana. Kama wakati haujafika, ulisema, "Bado." Ukikubali hukusema kitu, uliinamisha kichwa tu, mtu akatoka akijua ameruhusiwa, na karatasi zikafuata baadaye. Katibu muhtasi wako aliwatania wageni, "Mzee akifungua mdomo, ujue umekosa."

Siku ile yako ya mwisho, wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani mmoja, mama wa mtoto mmoja wa kike. Sisi hatukumjua. Wewe ulimjua vizuri, maana ndiwe uliyemchukua binti yake. Ulimkuta mtoto amefungiwa chumbani peke yake, mama yuko kiwandani anashona, chumba kimejaa moshi wa jiko. Ulimpeleka makao ya watoto kwa mkono wako mwenyewe. Mama yake akawa anakuja ofisini kumwomba, nawe kila mara ukimjibu, "Bado," mpaka apate njia ya kufanya kazi pasipo kumfungia mtu ndani. Siku ile alikuja kukuambia ameipata. Ameacha kiwanda, cherehani ameiweka barazani kwake, mtoto atakuwa mbele ya macho yake. Alieleza yote asiruke kitu, kisha akakuuliza, "Mzee, nikamchukue mwanangu?"

Ukainamisha kichwa.

Akashukuru, akatoka huku analia huku anacheka, akaenda moja kwa moja makao ya watoto. Mlezi wa pale alipiga simu ofisini kuhakikisha. Katibu muhtasi akamjibu, "Ametoka kwa Mzee sasa hivi. Ameinamishiwa kichwa, anaruka kama mtoto." Mlezi akafunga virago vya yule binti akamtoa. Hakuna aliyezembea, Baba. Kila mmoja alifanya kama ulivyomzoesha.

Mchana kitindamimba wako alikuja na chakula chako, kama siku zote tangu amalize shule ya msingi. Alikuta benchi la ukumbini limejaa watu, wananong'ona. "Tembea taratibu, mwanangu," mlinzi akamwambia. "Mzee anafikiri leo. Kuna kesi imemkaa." Akaingia, akaweka bakuli mezani, akakuita. Akakuita tena. Akakushika bega, nawe ukamwegemea kwa uzito wako wote. Hakupiga kelele. Alisimama vilevile, amekukumbatia usianguke, mpaka katibu muhtasi alipochungulia kuuliza kama mtu wa pili aingie.

Daktari alisema ni moyo. Tulipomuuliza ni saa ngapi, alisema hawezi kutuambia, labda asubuhi.

Tulidhani huo ndio mshtuko wote. Hatukujua mwingine uko njiani unakuja kwa miguu.

Kesho yake sebule ilikuwa imejaa waombolezaji, na kitindamimba anapitisha vikombe vya chai, akaingia mwanamke mgeni amemshika mtoto mkono, wote wawili wamevaa nguo za kitambaa kimoja. Alikuwa amesikia tu kwamba umefariki. Akapiga magoti mbele ya Mama.

"Pole sana, dada. Jana tu alinirudishia huyu. Nikasema lazima nimlete, mwone kazi yake."

Mama akamtazama. "Jana ulimwona?"

"Mimi ndiye niliyeingia wa kwanza."

"Akakuambia nini?"

"Si mnamjua Mzee, hasemi. Nilipomuuliza aliinamisha kichwa."

"Aliinamishaje?"

Yule fundi, kwa heshima zote, akatuonyesha. Alifumba macho. Kidevu kikashuka polepole mpaka kifuani, na hakukiinua. Alikaa hivyo kidogo, kisha akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, anangoja tutabasamu.

Kitindamimba akaiweka sinia ya vikombe chini. Mama akasimama, akaenda chumbani, akafunga mlango. Mjomba aliyekuwa anasimulia kisa akasahau alipofikia. Sote tulikuwa tumeona ulivyokufa, pale mbele ya macho yetu, na aliyetuonyesha ndiye peke yake asiyejua.

Mlinzi wa ofisi yenu alikuwepo. Yeye ndiye aliyemwinamia fundi akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, baada yako hakuingia mtu. Tulimkuta hivyohivyo."

Fundi alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya wageni. Kisha akamvuta mtoto mapajani, akamfunika kwa mikono yote miwili. Hakuuliza habari zako, Baba, na hatukumlaumu. Aliuliza, "Sasa huyu?"

Swali hilo ndilo ulilotuachia. Mpaka leo hatujui kama ulikubali ndipo ukaondoka, au uliondoka nasi tukadhani umekubali. Mama anaapa kwamba ulisikia mpaka neno la mwisho, kwamba usingemwacha mtu katikati ya habari yake. Kaka mkubwa, dereva wa lori, anasema moyo haungoji mtu amalize kuongea. Kitindamimba haegemei upande wowote. Yeye ndiye aliyeubeba uzito wako, na anasema mwili haukumwambia kitu.

Aliyeshika nafasi yako ni afisa kijana, binti aliyehamishwa kutoka ofisi nyingine. Alipopata habari alisema maneno ambayo hata wewe, tunadhani, ungeyasema: mtoto harudishwi kwa kichwa cha marehemu. Fundi akagoma kwenda ofisini. "Kama ni kuulizwa," akasema, "niulizwe mbele ya watu wa Mzee." Basi wakaja wote hapa, afisa, mlezi wa makao, fundi na mwanawe, wakaketi kwenye viti vyako.

Afisa akamgeukia kitindamimba. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unakula naye mchana, na alikuwa anakudokezea kazi zake. Aliwahi kukuambia kwamba mtoto huyu atarudishwa?"

Hapo, Baba, nyumba nzima ilimwangukia mtoto wako. Fundi alimwangalia bila kupepesa. Mama, nyuma ya pazia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Sema ndiyo. Neno moja tu." Kaka akaongeza, "Marehemu hamkanushi mtu." Na yule mtoto alikuwa anachezea kifungo cha gauni lake jipya, akikifungua na kukifunga.

Kitindamimba akasema, "Alisema kuna nyumba anataka kwenda kuiona. Hakusema ya nani, na hakuwahi kwenda. Zaidi ya hapo hakuniambia."

Mtoto alirudishwa makao siku hiyohiyo. Alitoka bado anachezea kifungo chake, mama yake ndiye aliyelia. Pale mlangoni fundi alimgeukia kitindamimba, akamwambia, "Baba yako alinipa. Wewe umeninyang'anya." Na Mama, wageni walipoondoka, akamuuliza, "Wewe umeanza kuwa afisa lini?" Hakumsemesha tena mpaka hasira ilipozeeka. Hayo yote yalitokea humu ndani, na udongo wako bado mbichi.

Tunakuambia hili kwa sababu hukuliona, na tunadhani ungependa kulijua. Kitindamimba alienda barazani kwa fundi. Hakukaribishwa kiti. Akakaa kwenye ngazi. Fundi akashona, hakumsemesha, jua likageuka, akarudi nyumbani. Akaenda tena. Siku moja fundi akamtupia gauni miguuni, akasema, "Kama umekuja kuniangalia tu, fumua hizo bandi." Akafumua zile nyuzi za kushikizia kitambaa. Akawa anafumua kila alipokwenda, na maneno yakaanza kutoka kwa fundi kama yale yaliyotoka mbele yako, ila huyu mwanao hafumbi macho, hajui kufumba macho.

"Una roho ngumu wewe," fundi akamwambia siku moja.

"Nilikosea?"

"Hukukosea. Ndiyo maana nakuchukia." Kisha akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza walipocheka pamoja.

Afisa mpya naye alikuwa anakuja kwenye baraza ile bila kutoa taarifa. Anakaa, anauliza, anaandika. Aliona cherehani ipo, jiko limetolewa nje, kitanda cha mtoto kimetandikwa. Kikwazo kikabaki kimoja, siku ambazo fundi anakwenda sokoni kununua vitambaa na kupeleka kazi za watu. Nani atakaa na mtoto? Fundi hana ndugu hapa. Fundi aliulizwa hilo wakati kitindamimba yupo palepale, uzi mdomoni. Akautoa, akasema, "Mimi nipo."

Mama alipopata habari tulidhani atawaka. Akasema tu, "Basi amlete na huku, asishinde na cherehani tu masikio yakaharibika."

Majuzi, Baba, kabla mwaka wako haujatimia, fundi aliitwa ofisini, kwenye chumba chako. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ile. Alimwomba kitindamimba amsindikize, wakapanda ngazi pamoja. Kiti cha mikono bado kipo, afisa ndiye anayekikalia. Fundi hakutaka kukitazama.

Afisa akafunga faili, akasema, "Nimeridhika. Mchukue mwanao."

Fundi hakusogea.

"Mama, umenisikia? Mchukue mwanao."

"Sema tena."

"Nimekubali. Mtoto wako anarudi nyumbani leo."

Fundi alisimama, akaizunguka meza, akamshika yule binti wa watu kiganja kwa mikono yake miwili, akakishikilia kama anayempima mtoto homa. Afisa alishangaa lakini hakuuondoa mkono. Ulikuwa na joto. Fundi akakaa kwenye sakafu ya chumba chako, palepale alipokuwa, akalia mpaka watu wa benchini wakaja kuchungulia.

Jioni ile mtoto alilala kwao.

Wanaokukumbuka ni mjane wako, asiye na mtu wa kugombana naye vizuri, mwanao mkubwa, dereva, binti yako muuguzi na mumewe, kitindamimba wako, wakwe, wajukuu, mjomba na shangazi wa ukoo, katibu muhtasi na mlinzi wa ofisi yako, na fundi cherehani pamoja na binti yake, ambao hatujui katika ukoo tuwaite nani, lakini tumewaandika.

Lile uliloulizwa limejibiwa, Baba, na limejibiwa na mtu aliye hai. Pumzika. Sisi tutakukumbuka daima.