Mbuzi Anayeitwa Sebule

Jumapili usiku

Bado nacheka peke yangu. Pesa ikikaa kwenye simu mimi huila, kwa hivyo dipoziti ya nyumba ninayotaka kupanga hapa Makutano nimeiweka kwa mbuzi watatu wanaolishwa na mama kule Muthara. Nimewaita Sebule, Jikoni na Choo, ili nione aibu kuwauza.

Leo mama amepiga simu. Mjomba amekuja, na mjomba kwetu hapikiwi kuku, huchinjiwa mbuzi.

"Sasa nichinje yupi?"

Hii nyumba nimeingoja mpaka nimechoka, kusema kweli. Nikamwambia achukue Sebule, maana sebule ni ya wageni.

Mama akakataa.

"Hapana. Wacha nichinje beberu wangu. Hiyo sebule nataka kuikalia nikiwa hai."