Mama Sekela Hayumo Popote

Mbeya, Jumanne, 1976

Mama Sekela karudi tena leo. Alipohamishwa kijiji mimi karani nilimfuta kwenye daftari la kijiji chake cha zamani, kama utaratibu unavyotaka. Kabla sijamwandika kwenye daftari la kijiji kipya, likapelekwa Iringa kukaguliwa, na mpaka leo halijarudi. Asiyeandikwa hapewi shamba.

Kwenye kozi ya kompyuta niliyowahi kupelekwa na ofisi, tulifundishwa kuunganisha hatua mbili, kama kufuta na kuandika, ziwe moja: zifanyike zote, au isifanyike hata moja. Hapa kila hatua ina mhuri wake.

Niliomba nimrudishe kwenye daftari la zamani. Mkuu wangu akakataa. "Kijiji kile hakipo tena."

Mama hakulalamika. "Mvua zikianza utanionyesha pa kulima, mwanangu."

Nikamwitikia ndiyo. Sijui kwa nini niliitikia.