Arghya Kaomba Bhairavi

Tublu, nasikitika kukutangazia aibu. Arghya amelia. Arghya wetu! Mbele za watu!

Alitaka mjomba wake aache kuimba ili awahi mpira. Raga ya kufungia uimbaji ni Bhairavi; ikishaimbwa, wageni huenda makwao. Basi akainama kwa adabu ya kinafiki: "Mjomba, tuimbie Bhairavi."

Mjomba akaimba bibi harusi anavyoagana na kwao. Kamasi, Tublu! Kamasi mpaka kwenye sahani ya vitamutamu vya sandeshi! Nilikuwa sijala!

Wageni wakainuka. Yeye kang'ang'ania mkeka: "Mjomba, moja tu tena!"

"Baada ya Bhairavi haimbwi kitu, mwanangu. Si ulikuwa na mpira wewe?"

Hajaenda. Amejikunyata palepale, anauimba chinichini wimbo uleule kwa pua iliyoziba. Kinyaa kitupu.