Mende wa Jikoni kwa Mama

Magwagwa,
12 Agosti 1973

Ndugu yangu mpendwa Cleophas,

Pokea salamu tele kutoka huku kwenye migomba na baridi. Sisi hatujambo, na mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua. Wewe na shemeji mwaonaje joto la Mombasa? Nimeandika Kiswahili ili naye asome, asidhani tunamsengenya. Tangu mwaka wa Uhuru hujatia mguu hapa, nami nimekukumbuka mno wiki hizi, kwa sababu ya mende.

Wale wa jikoni kwa mama! Tulikuwa tukiwafukuza kwa kijinga cha moto, mpaka ukaunguza nyasi za paa tukachapwa sote. Wajukuu wao sasa wamehamia kwangu.

Nilinunua bomba la kupulizia dawa pale Keumbu. Asubuhi tukafagia mizoga tele, nikajigamba. Mwezi haukuisha wakarudi. Mke wangu Loice alinicheka, akatia dawa ya unga kwenye nyufa, kando ya msingi na nyuma ya rundo la kuni. Unga huua polepole lakini hudumu, mradi mvua isiusombe. Amenishinda, nakubali shingo upande. Hata hivyo wengine huzidi kuja kutoka kwa mama, naye hataki dawa yoyote ivuke mlango wake. Nilimsihi, nikamnunia. Akasema afadhali alale na mende. Nikaona ni ukaidi wa uzee tu.

Jumapili iliyopita nilipanda darini jikoni kwa mama kumteremshia kuni. Nyuma ya kuni hizo nikakuta mtungi mkubwa umejaa wimbi. Nilipomuuliza, mama alisema ni wimbi ya kipande chako cha shamba. Kila msimu huipalilia mwenyewe, kwa magoti hayo hayo. Mavuno mapya yakiingia mtungini, ya zamani ndiyo hutupikia sisi. Anataka siku utakayorudi akusongee ugali wa wimbi ya kwako, na sumu haiwezi kupulizwa juu ya chakula cha mwanawe.

Nilishuka machozi yakinitoka, nikasingizia moshi.

Amenikataza kukuambia. Anasema mtu hurudi kwao kwa kupenda, si kwa kuitwa. Nimemvunjia amri, kwa maana magoti yale hayatapalilia misimu mingi tena.

Loice anawasalimu sana. Njoo na shemeji, Cleophas. Njoo ule, nipate kupuliza dawa.

Ni mimi kaka yako,
Walter Machogu