Maneno Manne Niliyojiwekea Mwenyewe

Jumamosi, mwezi wa saba. Bariadi ina upepo na vumbi tangu asubuhi. Malori ya pamba yanapita, na kila yakipita nafuta upya kioo cha mashine ya kutoa kopi. Leo ni siku ya mnada wa ng'ombe, kwa hiyo hapa steshenari wateja ni wa kuhesabu. Nina nafasi ya kuandika, na heri nisingekuwa nayo.

Nina aibu. Wacha niseme mapema, maana najijua: nikianza kwa kuzunguka nitaishia kuwaeleza jinsi ya kupika michembe, viazi vyetu vya kukausha.

Mnaosoma humu bloguni mnanijua kwa maringo. Nilipoanza kununua kripto, hizi sarafu za mtandaoni, niliandika hapa kwamba mtu asiache hela zake kwenye soko la mtandaoni alikozinunulia, azihamishie kwenye pochi yake mwenyewe, funguo ashike yeye. Niliandika kwa sauti ya mwalimu mkuu. Wakati huo sikuwa nimemaliza hata mwezi tangu nijifunze.

Aliyeniamini kuliko wote ni Malimi, mdogo wangu, mfugaji wa Bukundi. Kulima kulipokwisha mwaka huu aliuza maksai mmoja kati ya wawili wanaomvutia jembe. Malisho yalikuwa yanakauka, akaona wawili watamkondea wote. Akaniletea ile hela. Dada, niwekee huko kwako kwenye simu, isiliwe na shida ndogondogo. Kabla ya msimu nanunua mwingine.

Maksai mmoja halimi. Hilo halihitaji elimu, kila mtoto wa Kisukuma analijua. Kama Malimi hatanunua mwingine kabla ya mvua, shamba lake litalala, na watoto wake watakula kwa kuomba.

Nikachanganya hela yake na yangu kidogo, nikanunua zile sarafu za kripto zinazofuata thamani ya dola, nikazihamishia kwenye pochi ndani ya simu yangu. Pochi ikanipa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Yale maneno ndiyo funguo. Simu ikipotea, unayaandika kwa mpangilio wake kwenye simu nyingine na hela inarudi. Yakipotea maneno na simu pamoja, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Na mwingine akiyapata yote, hela ni yake.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja.

Baba yetu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuweka ng'ombe wote zizi moja. Wengine walikuwa Ipililo kwa shangazi, sengi wetu tunavyomwita, wengine Bukundi kwa rafiki yake. Mwaka ambao ugonjwa uliingia zizi la nyumbani tukapoteza wote, baba alikwenda kuchukua wale wa kwa watu, na maisha yakaendelea. Nikasema kumbe ndivyo hivi! Nikajiona nimegundua jambo ambalo wale vijana wa kwenye video hawalijui. Nikachukua mkasi, nikakata karatasi vipande vitatu, maneno manne manne. Sengi akapata chake, Malimi chake, cha maneno manne ya mwisho nikabaki nacho mimi. Nikawaambia wasimwonyeshe mtu, wasimwambie mtu. Nikawafundisha na ninyi humu mfanye hivyo, kisha nikalala usingizi mzuri sana siku ile.

Ng'ombe ukipoteza wa zizi moja unabaki na wa mazizi mengine. Maneno haya ukipoteza manne umepoteza yote kumi na mawili. Nilikuwa sijaigawa hatari, nilikuwa nimeizidisha mara tatu. Na mimi ndiye ninayewajazia watu fomu za chuo hapa dukani, wakiniita mtaalamu.

Juzijuzi nikitoka Dutwa kwa bodaboda, simu iliniponyoka mfukoni ikaanguka barabarani, na lori la pamba likapita juu yake. Fundi aliifungua, akaitazama, akanirudishia mikononi kwa upole. Bodi imepasuka vipande, dada. Hapa hata maombi hayafiki.

Sikushtuka. Si nina maneno? Nikanunua simu nyingine, nikampigia Malimi. Hapatikani. Kesho yake hapatikani. Alikuwa ameswaga ng'ombe mbali kutafuta majani, huko ambako mtandao haufiki, na mke wake alinieleza hivyohivyo. Mimi sikutaka kuelewa. Jumapili nikaenda Ipililo. Sengi alitoa kipande chake ndani ya Biblia, kimenyooka kama kilivyotoka mkononi mwangu, akanirudishia. Baada ya misa, tukiwa tunakula, ndugu wakauliza cha Malimi kiko wapi.

Nikasema kapoteza.

Sikusema labda. Sikusema simpati. Nilisema Malimi kapoteza, si mnamjua, keshamnywa ng'ombe wake mwenyewe.

Malimi aliacha pombe alipooa. Najua hilo vizuri kuliko wote waliokuwa pale, maana nilimsaidia kuacha. Lakini watu walicheka, na mimi nilihitaji watu wacheke, kwa sababu sengi alikuwa ameanza kuniuliza kwa nini hela ya mtu iwe ndani ya maneno. Neno hilo halikukaa Ipililo. Lilimfikia mke wa Malimi kisimani Bukundi, akaulizwa na wenzake kama mumewe alimnywa yule maksai mzima au alibakiza mkia.

Na maneno yangu manne? Sikuyaangalia hata. Niliamini mimi sina haja ya kuangaliwa.

Leo asubuhi ndiyo nafungua duka, nikamwona Malimi amekaa kwenye ngazi na baiskeli yake. Alitoka kwake jana, akalala njiani kwa jamaa. Akanisalimia mwangaluka, akasimama, akaanza kuniomba msamaha. Yeye! Eti samahani ilumbu, nilikuwa mbali, nimesikia umenitafuta ukakosa, ndiyo maana ukakasirika. Ilumbu ndivyo tunavyoitana kwetu kaka na dada, na alipolitamka nilitazama pembeni.

Akatoa kichupa shingoni. Kile kidogo cha dawa ya ng'ombe, alikuwa amekiosha, akaweka karatasi ndani, akaziba mdomo kwa nta ya nyuki, akakifunga kamba. Anatembea nacho tangu siku niliyompa. Anaoga nacho, anachunga nacho, analala nacho.

Akaniambia huku anacheka kwamba kanisani kimemletea kesi. Katekista alikiona, akadhani ni hirizi, akamwambia akivue au akae bila Komunyo. Hakukivua, na hakusema ni nini, kwa sababu mimi nilimwambia asimwambie mtu. Basi mdogo wangu amekuwa akibaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele. Wanamsema kuwa siku hizi anakwenda kwa waganga.

Kwa ajili ya maneno manne ya Kiingereza ambayo hajui hata yana maana gani.

Nikabandua nta kwa kisu. Karatasi ilikuwa kavu. Nikaweka cha sengi kando, nikaweka chake, nikafungua simu mpya nitoe maneno yangu.

Niliyaandika wapi? Kwenye simu. Ile ile. Kipande changu cha karatasi nilikichoma, nikajisifu hapa kwamba karatasi ni ushamba. Nilidhani nikiingiza barua pepe yangu kwenye simu mpya kila kitu kitajirudisha. Namba za watu zimerudi. Picha zimerudi, hadi picha za kucha nilizopaka mwaka juzi. Maandishi hayakurudi. Nilipekua kila mahali. Nakumbuka neno moja kwa hakika na jingine kwa kubahatisha. Mengine sina. Yuko mtu anayepita hapa kila siku na vyeti nimvalishie plastiki visiharibike, ananilipa, anaondoka na mali yake salama. Mimi mwenye mashine nimekosa kuhifadhi maneno manne.

Malimi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama imekubali.

Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikamwambia nenda tu mnadani kaangalie ng'ombe, mpaka mchana itakuwa imefunguka.

Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo. Zile nyingine ni za ujinga na mdomo mrefu, zinaweza kusameheka. Hii niliifanya nikiwa na akili zangu timamu, nikimtazama usoni. Akaondoka anapiga mluzi. Amefika barabarani akageuka akaniambia, tukiuza pamba nataka niongeze nyingine humo, ilumbu, maana nimeona panatunza.

Panatunza!

Tangu aondoke nimefikiri njia ya kutoka. Ile mashine kubwa ya kopi ina mtu anayeitaka kila wiki, jirani wa hapa mtaa wa pili. Nikiiuza leo, maksai anapatikana. Malimi anapata ng'ombe wake, kule Ipililo naonekana nimeifungua ile pochi, jina lake linasafishika, na hakuna atakayejua. Nilishanyanyua simu kumpigia huyo jirani. Nilipoishika ndipo nikajiuliza, hivi namtafutia Malimi maksai, au najitafutia mimi sura? Maana akiamini panatunza, atauza pamba aniletee. Atawaambia na wenzake. Na katekista ataendelea kumnyima Komunyo, kwa sababu hakuna atakayekwenda kumweleza kile kichupa kilikuwa na nini.

Mashine nitaiuza, hilo nimeamua, na hela ni yake. Lakini nitaiuza baada ya kusema. Nikiiuza kwanza nitajiona nimelipa, na mdomo utafungika.

Wanaoanza, ambao niliwafundisha humu: futeni nilichowaambia kuhusu kugawa vipande. Andika maneno yote pamoja kwenye karatasi, tengeneza nakala mbili nzima, kila moja iwe mahali pake, pakavu, kwa mtu usiyeona aibu kumwendea ukiwa na njaa. Usiyaweke kwenye simu, usiyapige picha. Na kabla hujatia hela ya maana, tia ya soda, ifute pochi, kisha jaribu kuirudisha kwa yale maneno. Mimi sikujaribu. Kujaribu ingenichukua muda mfupi kuliko kuandika lile andiko la maringo.

Nimeandika hadi hapo, simu ikaita. Malimi.

Amempata. Mwekundu, shingo nene, tayari amefundishwa jembe, mwenye ng'ombe ana shida ya haraka na amekubali bei. Sauti yake ilikuwa juu, nyuma yake nasikia ng'ombe na watu wakipigiana kelele. Anasema ameogopa mwenye mali atapata mnunuzi mwingine, kwa hiyo amemwachia baiskeli kama dhamana mpaka mimi nifike na hela. Njoo, dada, njoo umwone mwenyewe, utampenda.

Nikamwambia achukue baiskeli yake, asimwachie mtu.

Akauliza kwa nini.

Nikatafuta maneno, na nikakuta niliyo nayo ni yaleyale, mtandao, mtandao. Nikamwambia nakuja.

Kule mnadani nusu ya Bukundi itakuwepo, na ndugu wa Ipililo hawakosi siku ya ng'ombe. Vizuri. Nilimchafua mbele ya watu wakila, nitamsafisha mbele ya watu wakipatana bei. Nitasema kwamba Malimi hakupoteza kitu, kwamba cha kwake kilikuwa kikavu, na aliyepoteza ni mimi. Nitasema na cha shingoni kilikuwa nini. Sijui atanitazamaje. Sijui kama ataniita tena ilumbu, na sitamlaumu akiniita kwa jina tu kama anavyowaita wageni.

Mambo ya kesho siyajui na sitaki kuyasikia, kwa sababu leo bado ninayo mkononi. Naachia andiko hili kwanza, kila mtu alione, nisije nikafika pale getini mnadani nikamwambia wa bodaboda ageuze. Kisha nafunga duka.