Fredi Kang'oa Masale

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimekata majani ya ng'ombe mizigo miwili. Fredi kakata kidole. Mtoto wa Baba Mdogo huyu, kidato cha nne kamaliza huko Dar, mundu anaushika kama kijiko cha wali. Baba Mdogo kapunguzwa kazi, kaona atuletee mwanawe huku Kirua. Mimi la saba tu, lakini kwa mundu hakuna wa kunigusa kijiji kizima. Hata wasichana wanajua.

Jumanne, 7 Machi
Kaangusha mgomba wenye mkungu mchanga. Ati alidhani wowote unakatwa kumlisha ng'ombe. Nikamwambia: ule uliokwisha kuvunwa.
"Sasa ningejuaje, Deo?"
Ungejuaje! Macho unayo. Mama anasema nimfundishe polepole. Polepole imenichosha.

Alhamisi, 9 Machi
Natoka sokoni, nakuta masale, ile mimea ya mpakani, yamelala mbele ya ng'ombe. Safu nzima, mpaka mizizi! Masale aliyopanda babu, ndiyo yanayotenga shamba letu na kihamba cha jirani, Mzee Aloisi. Mtoto anayetambaa anajua isale la mpaka haliguswi. Fredi anajua miji mikuu ya Ulaya.
"Yalikuwa mabichi, nikaona yanafaa."
Ng'ombe mwenyewe hajaonja hata jani. Kamzidi akili. Nimemtukana Fredi mpaka Mama kanifukuza jikoni.

Ijumaa, 10 Machi
Nilijua tu. Asubuhi Mzee Aloisi kapigilia vijiti ndani ya shamba letu. Mistari miwili ya kahawa imekwenda kwake. Eti ndipo mpaka ulipokuwa. Baba angekuwa hai asingethubutu. Nimemwita mwizi mbele ya wajukuu wake. Shikamoo sikutoa. Kaapa Jumatatu anakwenda kwa balozi, na balozi ni shemeji yake. Kahawa yetu ndiyo imekwenda hivyo.
Mama kalia. Kisha kasema kesho nichukue isale nikaombe msamaha. Wote wawili, mimi na Fredi. Mimi? Kwa kosa la nani?

Jumamosi, 11 Machi
Njiani nimemfundisha Fredi, kwa ukali. Jani la isale linafungwa fundo, unampa mliyekosana naye, hawezi kulikataa. Wewe funga mdomo, niachie mimi mjuzi.
Tukafika. Shikamoo, nikanyoosha isale. Mzee hapokei. Anatazama mkono wangu wa pili.
"Deo, unaniomba amani na panga mkononi?"
Panga nililokatia isale lenyewe! Wajukuu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Nikangoja Fredi anitukane. Mimi ningemtukana. Fredi akalichukua panga taratibu, akaenda kulilaza nje ya uzio.
"Haya," Mzee akasema. "Rudi getini, uanze upya."
Nikarudi. Nikaanza upya kama mtoto wa chekechea. Akapokea, akaguna.
"Kesho baada ya misa. Nitawaonyesha babu yenu alipopanda."
Bado nina hasira. Sijui na nani.

Jumapili, 12 Machi
Manyunyu. Mzee Aloisi kang'oa vijiti vyake mwenyewe, anatuonyesha kwa fimbo. Kahawa yote iko upande wetu. Mama kamletea mtori wa ndizi, kala kasimama.
Fredi kashika kipande cha isale, anakigeuzageuza. Kauliza upande upi unaingia ardhini. Tusi lilifika kooni. Nimemwonyesha.
Kapanda isale la kwanza, likalala.
Nimemwonyesha tena.